Sanamu Ina Bunduki, Haina Jina

Ukishuka Posta ukaifuata Barabara ya Samora, utamkuta askari wa shaba ameinama kidogo, bunduki yenye singe ameielekeza upande wa bandarini. Kwa wakazi wa Dar es Salaam huyo ni alama ya njia tu. "Nisubiri pale Sanamu." Nimepita chini yake miaka mingi bila kumwangalia, mpaka siku moja nilipochelewa kikao, nikaona hata nikikimbia sitawahi, nikasimama kusoma maandishi ya kwenye msingi wake.

Yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanasema huu ni ukumbusho wa askari wenyeji wa Afrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Afrika Mashariki, kwenye Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Halafu inafuata ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Nikaizunguka sanamu nzima nikitafuta jina. Hakuna hata moja.

Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi na mwandishi wa Kiingereza, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kidogo kuyapuuza. Kipling alikuwa mfiwa. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alipotea kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915 akiwa na miaka 18, na baba mtu akafa mwaka 1936 bila kuonyeshwa kaburi. Ndiye aliyechagua kutoka maandiko yale maneno yaliyochongwa kwenye makaburi makubwa ya vita ya Waingereza, kwamba majina yao yataishi milele. Ndiye pia aliyetunga yanayowekwa juu ya askari asiyetambulika, kwamba Mungu anamjua. Mtu huyo alijua jina la marehemu lina uzito gani. Lakini alipoombwa maneno kwa ajili ya Waafrika, hakukuwa na orodha ya kuambatanisha nayo. Akabaki na ahadi, na kazi ya kukumbuka wakakabidhiwa watoto.

Nchi zinapoadhimisha wafu wake, sisi watazamaji huangalia yanayoonekana: mizinga, gwaride, shada la maua, dakika za ukimya. Waingereza huvaa ua jekundu la karatasi kifuani kila Novemba. Wafaransa wana mwenge unaowaka chini ya lango lao kubwa la Paris. Waisraeli hupiga king'ora, magari yakasimama katikati ya barabara kuu na madereva wakashuka. Ni mambo yanayogusa, na sina ugomvi nayo. Ila nimefikia mahali ninapoulizia kitu kimoja tu kabla ya kusema nchi fulani inawaenzi watu wake. Naulizia daftari. Nani aliandika majina, yaliandikwa lini, na nani hakuandikwa?

Waingereza wenyewe, kwa upande mmoja, walifanya jambo kubwa. Mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, waliunda tume ya makaburi iliyokuja kuwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa ya kimapinduzi kwa jamii ile ya matabaka. Jenerali na kuruta wapate jiwe la aina moja. Tajiri asiruhusiwe kusafirisha maiti ya mwanawe nyumbani huku maskini akiacha wa kwake matopeni. Na kila aliyekufa jina lake liandikwe mahali, awe na kaburi au asiwe nalo. Ukienda Ypres, Ubelgiji, kuna lango lenye majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao miili yao haikupatikana, na kila jioni saa mbili wapiga tarumbeta husimama chini yake kuwaaga. Wamefanya hivyo tangu mwaka 1928, wakakatishwa tu Wajerumani walipoukalia mji katika vita vya pili.

Kwa upande mwingine, Dar es Salaam. Kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi waliokufa kwenye kampeni hii bila makaburi kujulikana, nao wameandikwa kwa majina. Mwafrika akapewa sanamu mjini. Kwa hiyo ndani ya jiji moja unaweza kupima kwa daladala umbali kati ya mtu na mtu: huku orodha, kule shaba.

Wapagazi walikuwa wengi kuliko wote. Malori yalikwama, ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o, kwa hiyo vita vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani. Waingereza waliandikisha, na mara nyingi waliwakamata kwa nguvu, watu wanaokadiriwa kufika milioni moja katika miaka yote ya kampeni. Waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 95,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, na unga uliopikwa nusu na kuliwa na watu ambao kwao chakula kilikuwa ndizi au wali. Ofisa mmoja wa wizara ya makoloni kule London aliandika kwamba kampeni ile iliponea chupuchupu kuwa kashfa kwa sababu tu walioteseka zaidi ni wapagazi, na hata hivyo nani anawajali wapagazi wenyeji? Aliandika kwa uchungu au kwa kejeli, sijui. Lakini aliandika kweli.

Baada ya vita, tume ile ya makaburi ilipowauliza watawala wa makoloni la kufanya, Gavana wa Tanganyika alishauri makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Hakutaka hata kuzitafakari takwimu za Waafrika waliopotea kwa kubeba mizigo ile. Mwenzake wa Gold Coast, Ghana ya leo, Guggisberg, alisema mwenyeji wa kawaida hataelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Mtu wa Kwale au wa Songea, ambaye kwao kaburi la babu ndilo linaloamua shamba ni la nani, eti hataelewa jiwe!

Hayo yote yalitoka hadharani Aprili 2021, tume yenyewe ilipochapisha ripoti ya uchunguzi wake. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina au hawakuadhimishwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni akaomba radhi. Naiheshimu ripoti ile kwa sababu iliandikwa na mkosaji mwenyewe dhidi ya mkosaji. Na kuna kazi iliyofuata: Januari 2025, kwenye bustani ya Company's Garden mjini Cape Town, palizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa kwenye vita ile wakiwa vibarua wa jeshi. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule, na jina limechongwa. Miaka zaidi ya 100 imepita, wajukuu wengine nao wameshakufa, lakini majina yalipatikana kwa sababu mahali fulani karani alikuwa ameyaandika.

Kwetu wapagazi walipata ukumbusho ambao hakuna aliyekusudia kuwapa. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu walilitafuna jina hilo mpaka likawa Kariakoo, ambako kambi yao ilikuwa, na kule Nairobi likawa Kariokor. Leo hakuna anayeingia Kariakoo kununua kitenge akamkumbuka mtu aliyekufa kwa kuhara mto Rufiji mwaka 1917. Lakini ndilo neno pekee lililobaki la watu wale, na linatamkwa na makondakta mara nyingi kwa siku kuliko maneno ya Kipling yalivyosomwa tangu sanamu izinduliwe mwaka 1927.

Basi tuwaache Waingereza, maana kuwasuta wakoloni ni kazi rahisi na wengi wanaiweza. Swali linauma zaidi linapokuja kwa nchi na raia wake.

Marekani walipotaka kuwakumbuka askari wao wa Vietnam walikuwa na tatizo ambalo nchi nyingi zinalo lakini hazilisemi: vita hawakuvishinda na taifa lilikuwa limegawanyika. Mchoro ulioshinda mashindano ulikuwa wa mwanafunzi wa miaka 21, Maya Lin. Hakuweka bendera wala askari wa shaba. Aliweka ukuta mweusi unaozama ardhini wenye majina tu, leo zaidi ya 58,000, bila vyeo, yamepangwa kwa tarehe ya kifo. Walioufahamu mapema waliukasirikia, wengine wakauita jeraha. Ulipofunguliwa Novemba 1982 watu walianza kufanya kitu ambacho hakuna aliyewaagiza: wanaweka karatasi juu ya jina, wanasugua kwa penseli, wanarudi nalo nyumbani. Mpangilio wa tarehe una maana yake. Walioanguka siku moja kwenye shambulio moja wako pamoja, kwa hiyo aliyenusurika akilitafuta jina la rafiki yake anaikuta siku yote imeandikwa pale ubavuni mwake.

Upande wa pili wa vita hivyo haukuwa na bahati hiyo. Vietnam huadhimisha majeruhi na mashahidi wake wa vita kila tarehe 27 Julai, siku mbili baada ya Siku yetu ya Mashujaa, na wamefanya hivyo tangu 1947. Makaburi yao ya mashahidi yametapakaa nchi nzima, meupe, safi, na mengi yameandikwa kwamba huyu hajajulikana jina. Kwa hesabu za serikali yao, karibu 300,000 wamezikwa bila kutambuliwa, na wengine karibu 200,000 miili yao haijapatikana. Askari wa msituni alitembea bila kibati shingoni, alizikwa na wenzake usiku, na aliyemzika naye akafa wiki iliyofuata. Familia zimekwenda kwa waganga na wapiga ramli kuulizia mifupa iko wapi. Serikali nayo imekwenda kwa wataalamu wa vinasaba. Wote wanatafuta kitu kilekile. Nchi iliyoshinda vita bado inawatafuta watu wake, na inasema waziwazi ni wangapi. Kusema ni wangapi, hilo nalo ni daftari.

Urusi ni mfano unaonikosesha usingizi. Mwaka 2012, mjini Tomsk, waandishi wa habari wachache walianzisha maandamano ya siku ya ushindi, tarehe 9 Mei, ambapo kila mtu anabeba picha ya babu au bibi yake aliyepigana na Wajerumani. Likawa wazo la watu, likaenea nchi nzima, mamilioni wakajitokeza, kisha dola ikalikumbatia mpaka Rais mwenyewe akatembea mbele na picha ya baba yake. Mei 2015 Rais huyohuyo alisaini amri inayofanya vifo vya askari kwenye operesheni maalumu wakati wa amani kuwa siri ya dola. Babu anatembezwa barabarani, mjukuu anafichwa. Tangu vita vya Ukraine vianze, waandishi wa kujitegemea na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanya majina ya Warusi waliokufa, moja moja, kutoka matangazo ya misiba na makaburi mapya ya vijijini. Wanafanya kazi ya karani ambayo serikali imeikataa.

Ndugu zetu wa Kenya wanaujua mfano huo kwa karibu. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, al-Shabaab waliivamia kambi ya jeshi la Kenya El Adde, Somalia. Siku chache baadaye ilifanyika ibada kubwa ya kumbukumbu kwenye kambi ya jeshi mjini Eldoret. Uhuru Kenyatta alikuwepo, Rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud alikuwepo, Rais wa Nigeria Muhammadu Buhari alikuwepo. Marais watatu kwenye msiba mmoja, na hakuna aliyesema waliokufa ni wangapi. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia alisema kwenye runinga kwamba walikuwa kati ya 180 na 200. Jeshi la Kenya likakanusha, lakini namba yake halikutoa. Hoja ya kijeshi ipo na siidharau: ukitangaza hasara unampa adui furaha na unawavunja moyo walio mstari wa mbele. Ila adui wa El Adde alikuwa pale, tena na kamera. Hesabu alikuwa nayo. Asiyekuwa nayo ni mama wa Kericho au Kitui aliyepokea jeneza na kuambiwa ashukuru.

Tanzania tulipigwa Desemba 7, 2017, Semuliki, upande wa Beni, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Kituo cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa kilivamiwa usiku na vijana wetu wasiopungua 14 wakauawa. Nakumbuka siku majeneza yalipopangwa Upanga, makao makuu ya jeshi, yamefunikwa bendera, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza kuaga. Idadi ilitajwa. Wafiwa walikaa mbele. Mkoani kwa kila mmoja watu walipokea maiti yao wakijua alifia wapi na kwa nini. Sisemi kwamba sisi ni bora kuliko jirani. Nitafika kwetu sasa hivi. Nasema msiba wa Semuliki ulikuwa na sura za watu, na wa El Adde ulibaki uvumi kwa miaka.

Senegal nako, kule Thiaroye karibu na Dakar, tarehe 1 Desemba 1944, askari wa Kiafrika waliokuwa wamepigania Ufaransa na kukaa kwenye kambi za mateka Ulaya walidai malipo yao. Jeshi la Ufaransa likawamiminia risasi. Ripoti za Wafaransa zilisema waliokufa ni 35, na wanahistoria wengi wanaamini ni wengi zaidi. Mwaka 2024, miaka 80 baadaye, Ufaransa iliwatambua sita kati yao kuwa waliokufa kwa ajili ya Ufaransa. Sita! Wasenegali wengi walichukizwa, na Waziri Mkuu wao Ousmane Sonko akasema si kazi ya Ufaransa kuamua peke yake idadi ya Waafrika waliosalitiwa. Novemba mwaka huohuo Rais Macron akakiri kwa barua kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Majina mengine bado yako kwenye makabati ya kumbukumbu, au hayapo.

Na kuna mahali ambapo hata ahadi ya Kipling inakatika kabisa. Alisema watoto wako watakumbuka jina lako. Rwanda, mwaka 1994, watoto nao waliuawa. Chama cha vijana walionusurika, GAERG, kilipita kijiji kwa kijiji kuorodhesha familia zilizofutika, baba, mama na watoto wote, asiyebaki hata mmoja. Walihesabu familia 15,593 zenye watu 68,871. Fikiria kazi hiyo inavyofanyika. Humuulizi ndugu wa marehemu kwa sababu hayupo. Unamuuliza jirani, na huenda jirani huyo alikuwa na panga. Unamuuliza mwalimu aliyekuwa na daftari la mahudhurio, padri mwenye kitabu cha ubatizo. Gisozi, Kigali, wamelazwa zaidi ya 250,000, na ukuta wa majina pale haujajaa mpaka leo. Ninayo maswali yangu kuhusu namna dola ya Rwanda inavyosimamia maombolezo, na nani anaruhusiwa kulilia wafu gani hadharani. Lakini vijana wale walioamua kwamba familia isiyo na wa kuikumbuka itakumbukwa kwa orodha, kwa kweli sijaona mahali pengine kazi ya heshima inayozidi hiyo.

Sasa kwetu.

Kila tarehe 25 Julai tunayo Siku ya Mashujaa, na ninaipenda sherehe yake kwa sababu haikuazimwa yote kutoka kwa wengine. Rais anaweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Meya anaweka upinde na mshale, mwakilishi wa wazee anaweka shoka, na kiongozi wa mabalozi, mgeni wetu, ndiye anayeweka shada la maua. Ukiangalia kwa makini unaona jamii nzima imekuja na silaha zake, mpaka mzee na shoka lake la kuchanja kuni. Sheikh anaomba dua, askofu anaomba, tarumbeta inalia. Mwaka 2014 sherehe ya kitaifa ilifanyika Kaboya, Muleba, mkoani Kagera, mbele ya makaburi ya askari wetu wa Vita vya Kagera, na nadhani hakuna mahali palipofaa zaidi.

Lakini miaka yote niliyofuatilia sherehe hizo kwenye redio na runinga, sijawahi kusikia majina yakisomwa. Tunasema "mashujaa wetu", wote kwa mkupuo, kuanzia Majimaji mpaka Msumbiji mpaka Kongo. Tunalo jina la Mkwawa, tunalo la Kinjeketile, tunalo la Nduna Songea Mbano ambaye Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja kumwombea radhi Songea mwaka 2023. Wakubwa wana majina. Nyuma yao kuna ukungu.

Mtaani kwetu nilipokuwa mdogo alikuwepo mzee aliyekwenda vitani mwaka 1979 akiwa mgambo. Hakuwa mwanajeshi wa kazi. Alitolewa shambani, akafundishwa, akapanda lori, akafika Uganda kwa miguu. Alitembea akivuta mguu wa kushoto. Tulikuwa tukimtania kwa kumwita Kampala, naye anaitika. Alipofariki, mchungaji alitumia sentensi moja kusema marehemu aliwahi kwenda vitani. Baadaye nilimuuliza mwanawe kama kulikuwa na karatasi yoyote, cheti, kitambulisho, barua. Akasema paa lilivuja mwaka wa mvua za El Niño. Kumbukumbu yote ya mzee yule kwa taifa ilikuwa kwenye sanduku moja la bati chini ya tundu la paa.

Nikitoka vitani nije kwenye majanga, naikuta hadithi ileile. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, na orodha hiyo peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo tunaposema waliokufa ni zaidi ya 800, tunakisia, na tunachokisia ni watu wa daraja la tatu: wachuuzi wa ndizi, wanafunzi, mama anayempeleka mtoto hospitali ya Bugando. Wengi walizikwa Igoma, na kila Mei watu huenda pale kuomba. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipozama Ukara, chombo cha watu 101, tulizika zaidi ya 220. Ni watu wangapi walikuwa wamepanda? Hesabu ilizama na kivuko.

Nilipoiweka orodha ya MV Bukoba kando ya ripoti ile ya makaburi ya vita, nikaona ni mtu yuleyule. Mpagazi wa 1917 na abiria wa daraja la tatu wa 1996 hawakusahauliwa baada ya kufa. Hawakuandikwa walipokuwa hai. Kaburi halina jina kwa sababu tiketi haikuwa na jina. Ndiyo maana sina shauku kubwa na mijadala ya mnara mpya ujengwe wapi na uwe na urefu gani. Mnara unajengwa kwa miezi. Orodha inaanza kujengwa siku mtu anapovaa buti au anapokanyaga ngazi ya meli, na ikikosekana siku hiyo, hakuna fundi wa shaba atakayeiziba.

Kuna mambo yanayowezekana hata sasa. Mgambo wa 1979 wengine wako hai, wana miaka sabini na zaidi. Serikali za vijiji zipo, maofisa watendaji wapo, simu zenye kamera ziko kila mfuko. Kijana mmoja kila kata angeweza kuandika majina, kikosi, walikopigana, walimzika nani na wapi. Siku ya Mashujaa ikifika, badala ya hotuba ya tatu, asimame mtu asome mkoa mmoja. Mwaka ujao mkoa mwingine. Itachosha, najua. Majina yanachosha kusikiliza, mpaka lifike la kwenu.

Mwaka jana nilisafiri kwa meli usiku, ziwani. Mambo yamebadilika, nikiri. Kwenye ngazi kulikuwa na binti mwenye daftari na kompyuta ndogo, anaomba kitambulisho, anauliza jina kamili, namba ya simu ya ndugu wa karibu. Foleni ilikwenda polepole na watu walinung'unika. Mimi nilitamka langu pole pole, herufi kwa herufi, binti akanitazama kama mtu aliyelewa kidogo. Wakati ananiandika, wachukuzi walikuwa wanapita ubavuni mwetu, mmoja baada ya mwingine, magunia na viroba mabegani, wanaingia mpaka ndani kabisa, chini kwenye shehena. Hakuna aliyewauliza kitu. Honi ilipolia niliegemea chuma nikawa nawahesabu wanavyoshuka. Niliwahesabu walioshuka. Walioingia sikuwa nimewahesabu.